Aliyesimama, Aliyeinama na Aliyepasua Utepe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ile ambayo lami ya barabara yetu ilikuwa inaahidiwa kwa mara ya tatu, palitangazwa marathoni kule Endasaro. Marathoni ya wanawake. Wanaume walikuwa wameshakimbia ya kwao juma lililotangulia, wakapewa pikipiki, wakaigombania mpaka ikavunjika taa. Hayo tuyaache, msinitoe njiani.

Zawadi ya wanawake ilikuwa mtamba. Na si mtamba wa kubahatisha. Mtamba wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, ana mimba, amefungwa kwenye nguzo ya goli pale uwanja wa mnada ili kila mtu amwone na kumtamani. Mshindi wa kwanza anaondoka na mtamba. Wa pili anapewa cheti. Wa tatu anapigiwa makofi.

Waliojiandikisha walikuwa wengi, lakini mimi nitawapa watatu tu. Wengine waliona mlima wa kwanza wakakumbuka kwamba wameacha maharage jikoni.

Wa kwanza aliitwa Yustina. Dada yake alifariki wakati wa kujifungua, akaacha mapacha, na Yustina akawabeba watoto wale nyumbani kwake, yeye ambaye hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Kila asubuhi alipita kwa majirani kuomba maziwa. Mwanzoni walimpa wakicheka. Baadaye walimpa wakiguna. Mwishowe, wakimwona kwa mbali tu, maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yamemwagika. Watoto walipewa uji mwepesi, wakalia, wakalala, wakaamka wakalia tena. Basi Yustina alipomwona yule mtamba alitokwa na machozi palepale uwanjani, na alikwenda kujiandikisha hajayafuta.

Wa pili aliitwa Doris. Huyu alitoka klabu ya mbio ya mjini. Alikuwa na viatu vya rangi ya limau, saa kubwa mkononi, na mazoezi ya miaka. Hakuficha analolitaka. Alisema, "Mimi ng'ombe simjui hata pa kumshikia. Nikimpata namuuza kesho yake, nipate nauli ya kwenda mashindano makubwa. Nisipokwenda mwaka huu, umri unanipita."

Wa tatu aliitwa Mama Leokadia, mke wa mwenye zizi kubwa kuliko yote Endasaro. Huyu ng'ombe anao mpaka wengine hajui majina yao. Alikimbia kwa sababu ya presha. Daktari alimwambia afanye mazoezi, naye akasema, "Nikikimbia peke yangu watu watadhani nimeibiwa. Bora nikimbie na wenzangu." Akajifunga kitenge, akavaa raba za mwanawe, akajipanga mstarini.

Filimbi ikalia. Wakaondoka.

Mnataka niwaeleze mbio zenyewe? Mbio ni mbio, jamani. Vumbi. Jua. Kundi la mbuzi lililoamua kuvuka barabara na kubadili mawazo katikati. Waumini waliotoka kanisani wakajaa njiani wakiimba, wakidhani wale wanawake wanakimbilia kuzima moto. Kwenye vituo vya maji hapakuwa na maji, maana watazamaji nao walikuwa na kiu na hawakuona mtu wa kuwakataza. Halafu ule mlima uitwao Kata Roho, ambao waandaaji waliupitisha kwenye njia kwa kuangalia ramani tu, na kwenye ramani haukuonekana mrefu.

Yustina alipanda Kata Roho bila kusimama. Doris alipanda Kata Roho akasimama mara moja kutapika. Mama Leokadia alipanda Kata Roho kwa mwendo uleule anaoendea mashineni kusaga, hakuongeza, hakupunguza.

Waliposhuka upande wa pili, Yustina alikuwa mbele, mbele kabisa, peke yake. Akauona uwanja wa mnada. Akaona turubai, akaona sofa za wakubwa, akaona meza yenye kitambaa cheupe na chupa za maji zilizopangwa safi, hakuna aliyezigusa. Akaona mstari wa chokaa chini, na juu yake utepe mwekundu, umeshikwa huku na huku. Akasikia vigelegele. Miguu ikapata nguvu mpya.

Zikabaki hatua chache tu. Chache kweli, hata mimi na tumbo hili ningezimaliza.

Ndipo Mwenyekiti wa kamati, Bwana Margwe, akaruka mbele ya utepe akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Simama! Mama, simama hapo hapo! Mgeni rasmi bado hajafika!"

Msicheke. Nyinyi mnaocheka, ni nani kati yenu aliyewahi kula pilau ya harusi kabla mgeni rasmi hajafika? Basi kaeni kimya. Mheshimiwa alikuwa kijiji cha jirani akizindua matundu ya choo cha shule, na uzinduzi ulikuwa mtamu, hotuba zilikuwa nyingi. Utepe ule aliandaliwa yeye aushuhudie ukipasuliwa. Ukipasuka hayupo, utakuwa umepasuka bure.

Yustina akasimama. Akasema kwa pumzi za kukatika, "Mwenyekiti, nimefika."

"Tumeona, mama. Wote tumeona. Wewe ndiye wa kwanza, nani atabisha? Subiri kidogo tu, mheshimiwa yuko njiani."

Yustina akamtazama mtamba, akamtazama mwenyekiti. Mwenye kukabidhi mtamba ni nani? Mwenyekiti. Unamuudhije mtu aliyeshika kamba? Akakubali. Wakamletea kiti cha plastiki, akakaa. Wakamletea na soda, ya moto, lakini ilikuwa soda. Kwaya ikaimba wimbo mmoja. Ikaimba wa pili. Miguu ya Yustina ikaanza kupoa, ikaanza kukaza.

Akatokea Doris. Mwenyekiti akaruka tena. "Simama! Mgeni rasmi bado!"

Doris akasimama akihema. Akamwona Yustina kwenye kiti na soda yake. Akauliza, "Dada, umemaliza?"

"Bado. Tunasubiri mgeni rasmi."

"Kwa hiyo hujavuka mstari?"

"Mwenyekiti amesema tusubiri."

Doris akatazama juu, akatazama chini. Akasema, "Dada, mstari uko chini. Huo wa juu ni kitambaa. Inuka twende, wewe tangulia, mimi nafuata nyuma yako."

Sikilizeni vizuri hapo, maana baadaye mtagombana. Doris alimwambia atangulie. Wote walisikia. Na Yustina akajibu, "Mdogo wangu, nina watoto nyumbani. Siwezi kuharibu shughuli ya watu." Akabaki kwenye kiti.

Doris akainama, akapita chini ya utepe, akavuka mstari wa chokaa. Mwalimu Gwandu, mshika saa wa mashindano, ambaye kwa desturi yake akishaambiwa kazi haangalii kingine, akabonyeza saa. Muda ukaandikwa. Mwenyekiti akashika kichwa.

"Mwalimu! Unaandika nini sasa?"

"Mtu amevuka mstari, Mwenyekiti."

"Amevuka wapi? Utepe si huo, mzima!"

"Mimi nilipewa saa," akasema Mwalimu. "Utepe walipewa wengine."

Wakiwa katika kubishana, ving'ora vikalia, vumbi likapanda, gari la mheshimiwa likaingia. Watu wote wakasimama. Mwenyekiti akamgeukia Yustina akapiga makofi ya haraka. "Haya mama, sasa! Sasa! Kimbia!"

Yustina akainuka. Jamani, mguu wa kulia ulikataa. Msuli ulijivuta kama kamba iliyoloa, akapiga hatua moja, akaangukia magoti. Akajaribu tena. Akaanguka tena. Na wakati huohuo, kutoka nyuma, kwa mwendo wake uleule wa mashineni, akaja Mama Leokadia. Hakuambiwa simama, maana mgeni alikuwa ameshafika. Hakuona sababu ya kuinama, maana utepe ulikuwa umemngoja. Akampita Yustina, akaupasua utepe kwa kifua, mbele ya mheshimiwa, mbele ya kamera, mbele ya dunia. Mheshimiwa akashangilia kuliko wote. Akamvika medali kwa mkono wake, akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu mama, kwa umri wake, ametufundisha uvumilivu!" Akamkabidhi kamba ya mtamba. Picha zikapigwa. Akahutubia. Akaahidi lami. Akaondoka.

Vumbi la gari lilipotulia, kelele zikaanza.

Yustina alikuwa bado chini, anasuguliwa mguu. Akasema, "Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Hakuna asiyejua. Nilisimama kwa sababu niliambiwa nisimame, na aliyeniambia ndiye aliyesema mimi ni wa kwanza. Kama utii ni kosa, mngetuambia kabla ya filimbi. Watoto wangu wana njaa. Nipeni mtamba wangu."

Doris akasema, "Njaa haipimwi kwa saa, dada, na nakuonea huruma kweli. Lakini mbio huishia mstarini. Wa kwanza kuvuka mstari ni mimi, saa inasema, Mwalimu anasema. Nilikuita utangulie, ukakataa. Nami ningekaa nikanywa soda, leo tungekuwa wawili tunaosuguliwa miguu. Nipeni mtamba wangu."

Mama Leokadia hakutaka kudai kitu. Alisema, "Mimi presha yangu imeshuka, inanitosha." Lakini mumewe na ukoo mzima walikuwa nyuma yake, wakamkanyaga mguu, naye akasema, "Ila ni kweli kwamba mimi sikusimama popote. Wala sikuinama chini ya kitu. Nilikimbia mwanzo mpaka mwisho, nikapasua utepe uliowekwa upasuliwe, mbele ya mtu aliyeitwa aushuhudie. Mheshimiwa amenikabidhi kamba hii kwa mkono wake. Nikiirudisha si nitakuwa nimesema mheshimiwa amekosea? Mwenyekiti, wewe uko tayari kwenda kumwambia?"

Mwenyekiti hakuwa tayari.

Mmoja akasimama, mmoja akainama, mmoja akapasua. Watu wakagawanyika makundi matatu, na waliokuwa wanasalimiana asubuhi wakaacha kusalimiana. Mtu mmoja akasema mtamba auzwe, wagawane. Yustina akamgeukia kwa hasira ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake. "Nikipewa theluthi ya mtamba nitakamua wapi? Kwenye mkia?"

Basi kamati ikakaa. Ikatoka na uamuzi wa busara sana, kama kamati zote. Kwamba jambo hili ni zito, haliwezi kuamuliwa bila mgeni rasmi kuwepo. Kwamba litaamuliwa siku mheshimiwa atakapopata nafasi ya kurudi. Na kwamba kwa kuwa mtamba hawezi kulala uwanjani, atatunzwa kwa muda nyumbani kwa Mwenyekiti.

Kwa muda.

Mtamba alizaa ndama jike. Mwenyekiti akamjengea banda la bati, akamnunulia pumba, na ukimuuliza atakwambia kwa uchungu kabisa kwamba hakuna anayejua gharama ya kumlisha ng'ombe yule ila yeye, na kwamba kama kuna mtu amemtolea jasho, ni yeye. Doris alikosa nauli, hakwenda mashindano makubwa. Sasa anafundisha wasichana wa klabu yake, na jambo la kwanza analowafundisha ni kuinama. Mama Leokadia bado ana kamba, ameitundika ukutani pamoja na medali. Mheshimiwa hajapata nafasi.

Na Yustina? Yustina sasa akiamka hapiti tena kwa majirani. Anakwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Anapiga hodi, anasema shikamoo, anasimama kando ya banda huku yule ng'ombe akikamuliwa mbele ya macho yake. Mwenyekiti si mtu mbaya. Humpimia kikombe cha watoto, humpa pole, humwambia, "Mama, vumilia kidogo tu, suala lako linashughulikiwa." Naye Yustina husema asante. Niliposikia kwamba husema asante, mimi mwenyewe nilikosa usingizi.

Wewe hapo nyuma, shusha mkono, najua wewe ni wa upande wa saa. Na wewe mama uliyeanza kufuta macho, usinipe huruma, nipe sababu. Na asiniambie mtu tungoje mheshimiwa. Semeni hapa hapa, kabla hatujatawanyika, maana wale mapacha wameanza kutembea na ndama naye amekaribia kuwa mtamba: je, kati ya aliyesimama, aliyeinama na aliyepasua, nani alistahili?