Nyuzi za Nakijwa Katika Lundo la Samadi

Hapo zamani, na si zamani sana maana nailoni ilishafika, wakulima wa nyanya wa milima ya Upare walifungia miche yao kwa kamba za plastiki. Msimu ukiisha, kamba zilibaki shambani, zikachanganyika na majani, ng'ombe wakazila, wakafa. Chama cha wakulima kikatangaza kwamba atakayeleta kamba inayooza atapewa mtamba mwenye mimba.

Nakijwa, mke wa Kiondo, alikuwa mtafiti wa nyuzi. Ng'ombe wake mwenyewe alikufa kwa kamba hizo, na mtamba huyo alimtaka kwa moyo wote. Akasokota nyuzi za plastiki itokanayo na wanga wa mahindi. Akazipiga mafundo, kila fundo na kitambaa chekundu cha nailoni kuwa alama, akazifukia migombani nyuma ya nyumba. Akafukua, nzima. Akafukia tena, akafukua, nzima. Udongo wa mlimani ni wa baridi, lakini hilo hakulifikiria.

Siku moja mama mkwe wake, Nanzia, alikuwa akipalilia migomba. Jembe likaibua uzi wenye fundo na kitambaa chekundu. Akachimba kando, akakuta mwingine. Sasa mtu mzima akikuta vitu vya namna hiyo nyuma ya nyumba yake, mnadhani atasema ni utafiti?

"Fingo!" akapiga yowe. "Mkamwana anatufukia fingo! Anataka kutumaliza!"

"Mama, hiyo ni kazi yangu."

"Kazi gani ya vitambaa vyekundu? Nenda kwenu!"

Kiondo alikuwepo. Alitazama chini, asiseme neno. Nakijwa akafungasha, akaenda kwa wazazi wake, na kilichomuuma zaidi ni ule ukimya wa mumewe.

Nanzia akazifukua nyuzi zote, akazitumbukiza katikati ya lundo la samadi lililokuwa likifuka mvuke, ili joto liue uchawi.

Miezi ikapita, nyumba ikampwaya Kiondo. Akashika uma, akalipekua lundo zima akitafuta nyuzi awaoneshe majirani kwamba hazina dawa yoyote. Alipata vitambaa vyekundu tu. Akajaza samadi kwenye ndoo, akaenda nayo ukweni.

"Nakijwa, mama alizitia nyuzi zako lundoni, zimekwisha."

Nakijwa akatia mkono ndooni, akachambua, akalia, kisha akacheka. "Joto! Zilihitaji joto, ndipo vijidudu viweze kuzila." Akajaribu kwenye lundo la baba yake, zikaoza. Akajaribu kwa jirani, zikaoza.

Chama kikaleta mtamba. Wote watatu wakafika.

"Uzi ni wangu," alisema Nakijwa. "Aliyeniita mchawi hawezi kunywa maziwa ya jasho langu."

"Ningekuacha, ungekuwa bado unafukia na kufukua," alisema Nanzia. "Nani alizitia kwenye joto?"

"Mmoja alizifukia pasipofaa, mwingine alizitupa kwa hasira," alisema Kiondo. "Aliyekwenda kutazama ni mimi."

"Na siku nilipofukuzwa, ulitazama nini?"

Mwenyekiti alisimama na kamba ya mtamba mkononi, asijue ampe nani.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie warudiane wanywe pamoja. Nakijwa amekataa kurudi. Je, mtamba aingie banda la nani?