Siku Maji Matupu Yalipougua Mafua ya Ndege

Isome hii mpaka mwisho, halafu mtumie yule bosi wako anayetaka majibu kabla ya chai. Ukimwogopa, mtumie mama yako.

Katika mji mmoja wa mpakani palikuwa na maabara ndogo ya kufuatilia virusi, na humo alifanya kazi mwanasayansi aitwaye Atuganile. Hakutibu mtu. Kazi yake ilikuwa kuvizia: kupima kuku, bata na watu wenye mafua, wiki baada ya wiki, ili ugonjwa mpya ukiingia mjini ukute kuna jicho linautazama. Kazi ya namna hiyo ikienda vizuri hakuna kinachotokea, ndiyo maana shangazi zake waliamini hana kazi.

Mama yake, Bi Sekela, alikuwa na kazi inayoonekana. Aliuza kuku sokoni, na kuku hao ndio waliomsomesha Atuganile mpaka chuo kikuu. Jambo hilo Bi Sekela alilitaja kwenye kila harusi, hata za watu asiowajua.

Basi kuku wakaanza kufa pale sokoni. Soko likafungwa, asitoke kuku, asiingie mnunuzi. Sampuli zikachukuliwa kila banda, zikapewa namba na kupelekwa maabara. Banda litakalokutwa na mafua ya ndege, kuku wake wote watauawa na kufukiwa.

Atuganile akapima. Mashine ikasema virusi vipo katika kila banda.

Mkuu wa maabara, Daktari Lwitiko, akainua simu. "Mkuu wa mkoa anasubiri. Tunamwambia ni soko zima."

"Usimpigie kwanza," Atuganile akasema. "Tazama mrija wa mwisho."

Sasa, watu wa maabara wana desturi yao. Katika kila kundi la sampuli huweka mrija mmoja wa maji matupu. Humo hamna kuku wala mtu. Kazi ya mrija huo ni kukaa kimya. Ukionyesha virusi, maana yake uchafu umeingia mahali, na kundi zima halifai.

Siku hiyo maji yalikuwa yanaumwa vibaya kuliko kuku.

"Ni maji tu, Atu," Daktari Lwitiko akasema kwa upole. "Kuku wanakufa kweli. Nani atauliza habari za maji?"

"Mimi. Nilirudi chumba safi, tunakoandalia mirija, kufuata miwani yangu, nikiwa bado na koti la chumba chafu, lenye mabaki ya virusi. Nilikuwa na haraka, na haraka yenyewe unaijua. Kosa ni langu. Nirudie kazi tangu mwanzo, kesho mchana utapata majibu."

Daktari Lwitiko akaiweka simu chini. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda kusifiwa na wakubwa, ugonjwa ambao bado hauna kipimo.

"Unajua watakachosema? Kwamba unawalinda kuku wa mama yako."

"Watasema."

"Na wewe utajibu nini?"

"Nitakuwa napima. Sitakuwa na nafasi ya kujibu."

Habari kwamba ameyakataa majibu zikafika sokoni kabla hata hajavua glavu. Wenye mabanda wakafurahi. Bi Sekela akafurahi kuwapita wote.

"Niliwaambia," akatamba kwa mwenzake, Bi Sikujua. "Mtoto hawezi kuwaua kuku waliomlipia ada."

Kesho yake Atuganile alibadili koti, akasafisha meza, akafungua masalio ya sampuli zilezile na kuanza upya, taratibu, kama anayembeba mtoto aliyelala. Mchana majibu yakatoka. Maji yalikuwa kimya. Mabanda karibu yote yalikuwa kimya. Namba moja tu ilionyesha virusi.

Daktari Lwitiko akalinganisha namba na majina. Akakohoa. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Atu, hii nitaisaini mimi. Na sokoni nitakwenda mwenyewe."

Hapo Atuganile akajua ni banda la nani.

"Nipe kalamu, Daktari," akasema. "Na sokoni ni kwetu, nitakwenda mimi."

Alimkuta mama yake amesimama nje ya kamba iliyozungushiwa soko, uso umejaa tabasamu la kumpokea. Atuganile akapiga magoti, akamwamkia, kisha akasema palepale bila kuzunguka. Tabasamu likaondoka.

"Kwa hiyo jana ulikataa kuua kuku wa soko zima," Bi Sekela akasema, "leo unawaua wa mama yako peke yake."

"Ndiyo, Mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na jana?"

"Jana sikuwa nayo."

Bi Sikujua akaguna, "Mwenzangu, si ungezaa mwalimu tu."

Bi Sekela hakucheka. Alilitazama banda lake. Kisha akawageukia wenzake waliokuwa wananong'ona.

"Mmesikia. Kama mtoto huyu angekuwa mtu wa kupendelea, mimi nisingekuwa nalia hapa. Wengine wote, majibu yenu yaaminini. Waiteni watu wa mifugo waje wafanye kazi yao."

Na akalia kweli, akijifuta kwa upindo wa khanga, mpaka watu wa mifugo walipomaliza.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Aliyeshika kuku wagonjwa naye lazima apimwe. Atuganile akavaa barakoa, akamkalisha mama yake kwenye kigoda, akatoa kijiti chenye pamba. Mkono wake, uliozoea kuchokonoa pua za mji mzima, ukaishia hewani mbele ya pua ya mama yake.

Bi Sekela akaushika, akausogeza karibu, akainua uso.

"Haya, chokonoa. Mimi nilikuwa naifuta pua yako kabla kazi hii haijawa na digrii."

Funzo: Anayekupenda kweli hakuletei jibu unalolitamani, wala la haraka ili umsifu, bali hukuletea jibu alilohakikisha, hata kama maumivu yake yanaanzia nyumbani kwake.