Kiatu Kisicho na Mwenyewe

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi, palikuwa na makumbusho ya vita juu ya kilima, karibu na mpaka. Likizo ikifika, wanafunzi wa chuo walikuja kuongoza wageni. Mwaka huo walikuja wasichana watatu: Tausi, Kemilembe na Asimwe.

Mle ndani mlikuwa na kiatu kimoja cha askari. Wakulima walikifukua shambani, na hakuna aliyemjua mwenyewe. Wageni walikipita wakipiga miayo. Tausi, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akakionea huruma, akakitia chumvi. Akawa anasema, "Mwenye kiatu hiki alimvusha mto rafiki yake aliyejeruhiwa, akarudi kumchukua wa pili, asionekane tena." Wageni wakalia. Tausi akaongeza chumvi. Sifa za kiatu zikafika hadi sokoni.

Sokoni zikamkuta Bibi Kokugonza. Kaka yake, Rutashobya, alikwenda vitani akiwa kijana, na hakuna aliyerudi na habari zake. Ukoo ulimsihi waanue matanga. Mwaka hadi mwaka akajibu, "Siwezi kuanua matanga ya mtu ambaye sijaambiwa kafa." Akazeeka na msiba wake, na msiba usioisha, jamani, ni mzigo.

Basi bibi akapanda kilima. Akamsikiliza Tausi, akakitazama kiatu, akapiga magoti. "Huyu ni kaka yangu. Moyo huo ulikuwa wake. Leo nimempata."

Tausi, msemaji yule, akageuka kumtazama Kemilembe.

Kemilembe alikuwa kando. Akaona bibi anafurahi, akaona pia anafurahia uongo. Akamshika mkono. "Shikamoo, bibi. Utusamehe. Mwenye kiatu hiki hatumjui. Hadithi hiyo tumeitunga sisi."

Bibi akalia pale pale sakafuni, na Kemilembe akalia naye. Wengi wetu tungesema heri angenyamaza.

Asimwe aliuliza tu jina la huyo kaka. Tangu hapo, kila siku ya mapumziko, alizunguka vijijini akiwauliza askari wazee. "Ulimjua Rutashobya?" Sikumjua. Mlango mwingine: "Ulimjua Rutashobya?" Sikumjua, mwanangu. Likizo ilipokaribia kwisha, mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Nilimjua. Hakufa kwa risasi, alikufa kwa homa kambini. Alichohofia ni kwamba dada yake angemsubiri. Nilimzika mwenyewe, na mahali napajua. Kwao ndiko sikukujua, ningekuja."

Bibi akapelekwa kaburini. Akang'oa magugu, akamkaripia kaka yake kwa kumweka roho juu miaka yote hiyo, akalia, kisha akacheka. Wiki ile matanga yakaanuliwa, watu wakala wakashiba. Na wiki ile ile mjukuu wake akajifungua mtoto wa kike.

Bibi akasema, "Aliyenirudishia kaka yangu, mtoto huyu ataitwa jina lake." Akawaita wote watatu.

Tausi akasema, "Bibi, nilidanganya, na nimetubu. Lakini bila chumvi yangu ungepanda kilima kufuata nini?"

Kemilembe akasema, "Mimi nilikutoa machozi. Lakini ungerudi nyumbani na kiatu cha mtu mwingine moyoni, na nani angemtafuta kaka yako?"

Asimwe akasema, "Wenzangu walisema. Mimi nilitembea."

Bibi akamtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama mtoto, akashindwa kukata shauri. Mke wangu ana jibu lake, mimi nina langu, na jana tulilala tumepeana migongo. Sasa nawaachia nyinyi mlioketi hapa. Mtoto amenyonya, amelala, ameamka, na bado hana jina.

Je, aitwe nani?