Kifaru Amjengea Chura Nyumba ya Maji

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Kifaru alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na ua uliofagiliwa, palikuwa na Chura jina lake Makame. Sauti yake, jamani! Akiimba, hata mbu walisahau kwamba yeye huwala.

Siku moja asubuhi Kifaru akamnasa. Kap! Akamtia kwenye kikapu, akakitundika puani, pembe ikibana kifuniko, akaenda naye nyumbani, mkewe yuko shambani.

"Niachie, Mzee Kifaru!" Makame alilia humo ndani. "Nina watoto! Viluwiluwi wangu wako kidimbwini, na jua hili litakikausha leo leo. Nani atawachimbia njia ya kwenda mtoni?"

"Aa, watapata wa kuwalea. Mimi nataka wa kuniimbia. Nitakujengea nyumba ya maji ambayo hujapata kuiona!"

Mnaiona roho hiyo? Lakini hakuwa mbaya sana, msimchukie bado. Alikuwa mdadisi kupita kiasi, basi. Akaleta tangi la bati lenye mdomo mwembamba, akaanza maswali, macho yamefanya makengeza kwa kukitazama kikapu.

"Maji kiasi gani?"

"Ya kufika kifundoni tu. Mimi si samaki."

"Ala! Unakaa majini na si samaki?"

"Hutoka nikapumzika. Niwekee jiwe lichomoze juu ya maji."

Tubwi! Jiwe likaingia.

"Na kunywa, unakunywa kwa mdomo?"

"Kwa ngozi."

"Kwa ngozi! Mama yangu!" Kifaru akajimwagia maji mgongoni aone kama kiu itakata. Wapi! Akasubiri kidogo, akajimwagia tena.

Makame akaagiza tope laini la chini, magugu ya kujifichia, na kivuli, maana bati likipata jua angechemka kama kiazi. Kifaru akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, anahema hee, hee. Makame akachungulia kwenye tundu la kikapu. Niwaambie ukweli, alilitamani lile tangi. Lilikuwa zuri kuliko kidimbwi alichozaliwa. Kisha akaona jua limeshapita utosini, akawakumbuka viluwiluwi wake.

"Mgeni haingii na njaa," Kifaru akasema. Akaleta bakuli la uji, na kama ilivyo desturi ya kwao, akauonja yeye kwanza. Fyuu!

"Mbona umekunywa wewe?" Makame akauliza.

"Ili ujue hauna sumu. Kwetu mgeni hapewi kitu mwenyeji hajakionja."

"Hapewi kabisa?"

"Kabisa! Sisi ni watu wa heshima."

"Na nyumba je, Mzee? Umeionja?"

Aibu ikamshika Kifaru mpaka masikioni. Kumbe alitaka kumwingiza mgeni kwenye nyumba isiyoonjwa! Majirani wangesemaje?

"Naionjaje?"

"Kwa kichwa. Ulimi si uko huko?"

Haraka haraka Kifaru akakishusha kikapu chini, akaingiza kichwa tangini. Kwaruu!

"Maji baridi!" sauti ikavuma ndani ya bati. "Jiwe safi!"

"Na tope, umelifikia?"

Kifaru akasukuma. Masikio yakalala, yakapita. "Nimelifikia! Laini, ajabu! Sasa natoka..." Akavuta. Masikio yakasimama, yakagoma. Akavuta tena. Ngo! Ngo! Akauzunguka ua mzima na tangi kichwani, akiangusha masufuria. "Makame! Nivute!"

"Nikuvute mimi, na ukubwa wote huo? Mkeo akirudi kutoka shambani atakuvuta!" Kifuniko hakina tena wa kukibana, Makame alishakisukuma, yuko nje. Chupu, chupu, chupu, huyoo!

Alipofika, kidimbwi kilikuwa kimebaki maji ya kujaza kiganja. Viluwiluwi wamelaliana, wakipiga mikia. "Baba! Baba!"

"Nimekuja, wanangu, nimekuja!" Akageuka, akachimba kwa miguu ya nyuma, kra, kra, kra, tope likaruka mpaka machoni, analia na anachimba. Mfereji ukafika mtoni, maji yakaingia shwaa! Makame akasimama pale pale mpaka wa mwisho, yule mdogo kuliko wote, akapita.

Basi wanangu, kabla hamjamjengea mwenzenu nyumba, muulizeni kwanza ni nani anamngoja kwao.