Kamati ya Kisima na Mihogo ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na kisima kimoja na Bodi ya Maji ya kukitunza. Siku moja maji yakaanza kunuka. Twiga, mwenyekiti wa Bodi, akaunda kamati ya kuchunguza: Kiboko, Nyati na Kifaru. Akatoa na amri kwamba kisima kifungwe, asinywe mtu mpaka kamati iseme kazi imeisha.

Siku ya kwanza tu Kiboko akatumbukiza kichwa, chubwi! Akaibuka na gogo lililooza. Basi, hilo ndilo lililokuwa likinuka.

Mnadhani kamati ilikwenda nyumbani? Thubutu. Desturi ilikuwa kamati ikikaa, ilishwe. Kila siku nyumba moja ilipika na kuleta mtungi wa maji kutoka mtoni. Adhuhuri Twiga alipita kuuliza mara tatu, kama kanuni za Bodi zilivyotaka.

"Kamati, kazi imeisha?"

"Bado," wakajibu, midomo imejaa.

"Kazi imeisha?"

"Bado."

"Kwa mara ya mwisho, imeisha?"

"Bado, mwenyekiti. Tunaingia kwa undani."

Miezi mitatu walikuwa wakiingia kwa undani. Kisima kikawa safi mpaka changarawe zikaonekana chini, ila Twiga, na shingo yake yote ile, hakuwahi kuinama kutazama. Wanyama wakawa wanateka maji mtoni kwa Mamba. Mamba naye aliipenda sana kamati ile.

Jioni moja mke wa Nguchiro akarudi kutoka mtoni bila ncha ya mkia.

"Baba Mwanaidi," akasema, "kesho ni zamu yetu kulisha kamati. Mimi mtoni siendi tena. Labda umtume mtoto."

Nguchiro akamtazama binti yake, ambaye hata mtungi ulimshinda kimo. Moyo ukamuuma.

"Haendi mtu," akasema. "Nitafutie mihogo."

Asubuhi akaichoma mpaka ikakauka kau kau. Akatwanga pilipili, akachanganya na chumvi, tena chumvi hasa, akaisugua mihogo yote. Kisha akapita nyumba kwa nyumba: "Njooni kisimani leo, mwaone wakubwa wenu wakifanya kazi."

Kamati ikala. Kru, kru, kru.

"Nguchiro, mkono wako mtamu," Nyati akasema. "Ongeza."

Akaongeza. Punde Kifaru akakohoa. "Mtungi uko wapi?"

Nguchiro akauinua, akaupindua. Halikudondoka hata tone.

"Niwieni radhi, waheshimiwa. Mtoni kuna Mamba, na mimi nina mtoto mmoja."

"Basi tuchotee hapo kisimani," akasema Kiboko.

"Hapo? Mzee wangu, si pamefungwa? Hamjamaliza kuyachunguza. Yakikudhuru, nitamwambia nini mama watoto?"

Wanyama wote walikuwa wamezunguka, wanatazama. Twiga akafika.

"Kamati, kazi imeisha?"

Ulimi wa Kiboko ulikuwa umegandia kwenye kaakaa. "Ba... bado."

"Kazi imeisha?"

Nyati akamtazama Kifaru. Kifaru akakitazama kisima, maji yanameremeta. Akajaribu kumeza mate, akakuta hana.

"Bado... kidogo."

"Kwa mara ya mwisho..."

"Imeisha!" wakanguruma wote watatu. "Iliisha zamani, siku ile ya gogo!"

Nyani akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka kisima kizima. Twiga akainama kwa mara ya kwanza, akaziona changarawe, akaona haya.

"Kamati nimeivunja," akasema kwa sauti ndogo. "Kisima kimefunguliwa."

"Tupange foleni," akasema Nguchiro, "watoto mbele."

Mwanaidi akanywa wa kwanza, glu glu glu. Baba yake akageuka pembeni kufuta machozi, akasingizia pilipili. Kamati ilisimama mwisho, ndimi nje.

Zamu yake ilipofika Kiboko alikunywa weee, kisha akajipangusa mdomo.

"Mwenyekiti, napendekeza iundwe kamati ya kuchunguza nani alitia chumvi ile."

"Wazo jema," akasema Nguchiro. "Mihogo mingine imebaki nyumbani."

Hakupatikana hata mmoja wa kuunga mkono hoja.

Nanyi mkiwa wakubwa, wanangu, msisahau: kamati huvunjwa kazi inapoisha, si shibe inapoisha.