Kidonda Chini ya Tandiko

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na msafara wa wafanyabiashara wa Yemen uliosafiri kwa agano: ngamia wa mmoja akifa njiani, shehena yake inagawanywa juu ya ngamia wa wote.

Zuheri, muuza ngozi, alikuwa mgeni msafarani, na jambo hilo lilimshangaza. Akamwendea Bi Rumaisa, mjane aliyekuwa mlinzi wa agano.

"Mama, ngamia wangu akifika salama, mimi nimepata nini?"

"Umelala usingizi njia nzima. Au kwenu usingizi huokotwa?"

Zuheri akacheka, akazidi kudadisi. "Na aliyemuua ngamia wake kwa uzembe?"

"Atabeba mwenyewe. Ndiyo maana kila mtu huapa kwamba mgongo wa mnyama wake ni mzima. Hatufunui matandiko, kiapo kinatutosha."

Zuheri akaapa. Lakini ngamia wake alikuwa na kidonda mgongoni, naye alikuwa amekipaka lami na kukifunika, akidhani kitapona njiani.

Siku ya tisa ngamia akapiga magoti, asiinuke tena. Watu wakaja na kamba, wakaanza kugawana ngozi bila kumuuliza neno. Ngozi zile ndizo zilizokuwa chakula cha watoto wake mwaka mzima. Akamwona mzee Harithi, ambaye ngamia wake alikuwa akichechemea, akipakia ngozi tatu. Moyo ukamsuta.

"Shusheni," akasema. "Niliapa uongo. Fungueni tandiko muone."

Wakaona. Mmoja akamaka, "Subhanallah! Ulimtaja Mola wako juu ya usaha?"

Bi Rumaisa akaamuru kamba zifunguliwe. "Sisi hubeba ajali, mwanangu. Uongo hatuubebi."

"Nimekubali, mama."

Akajitwika ngozi alizoweza, nyingine zikabaki mchangani. Hapo mzee Harithi akafungua tandiko la ngamia wake mbele ya watu. "Kidonda hiki kilianza juzi. Niliogopa mtasema nilikuja nacho."

Wakamwamini, wakampunguzia mzigo, na ngamia wake akafika hai.

Mwaka uliofuata Zuheri akaomba tena kujiunga. Watu wakatazamana.

"Mpokeeni," akasema Bi Rumaisa. "Katika sisi sote, huyu peke yake tumeshajua kwamba akikosea atasema."

Tuzingatie, ndugu zangu. Kugawana hasara na mtu ni kuukubali ushahidi wake mahali ambapo macho yetu hayafiki. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazokiri kabla ya tandiko kufunuliwa.