Fisi Aliyeagiza Farasi

— Jamani, mpo?
— Tupo.
— Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha nyumbani?
— Tumekuja nayo.
— Basi yategeni, niyajaze.

Palikuwa na Fisi, mkubwa wa mbuga nzima, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisilojua kusema basi. Pundamilia wa mbuga ile walikuwa wamemchoka. Wakiona kivuli chake tu, vumbi tifu, hawapo. Siku moja Fisi akasikia kwamba ng'ambo ya mto, katika nchi ya wengine, yupo mnyama aitwaye farasi: umbo kama la pundamilia, mnene kumpita, hana mistari, na harufu ya fisi hajawahi kuinusa. Fisi akameza mate, gudu. Akamwita Nguchiro.

Nguchiro huyu alikuwa mama mdogo wa mwili, mkia mrefu, watoto shimo zima, na lugha ya ng'ambo aliijua. Fisi akamwambia amechoka kutembea kwa miguu kama raia wa kawaida. Anataka farasi wa kupanda, na Nguchiro ndiye wa kwenda kumnunulia. Nguchiro akasema watoto wake bado wadogo, hawezi kuwaacha.

"Nenda tu, Bi Nguchiro," Fisi akasema, akajilaza mbele ya mlango wa shimo. "Watoto nitawalinda mimi. Ila ujue, mlinzi naye husikia njaa."

Nguchiro akasonya, nsyuu, lakini moyoni, maana kwa sauti hakuthubutu. Akajitwika asali ya kununulia farasi, akaenda.

Ng'ambo akamkuta Ngamia, dalali wa farasi, mwenye kope ndefu na maneno matamu. Ngamia akaonja asali, kisha akamletea mnyama aliyefungwa kitambaa kichwani. Nguchiro akauliza kitambaa cha nini. Ngamia akamweleza kwamba farasi wa ukoo bora husikia baridi ya masikio. Nguchiro alikuwa hajawahi kuona farasi maishani. Akashika kamba, wakavuka mto, chubwi, chubwi.

Kivukoni alikaa Kiboko, msimamizi wa mpaka. Anayetoka hakuulizwa kitu; anayeingia ndiye aliyeulizwa. Alikuwa na boma la miiba aliloliita karantini, na kila mnyama aliyetoka ng'ambo aliwekwa humo, asije akaleta maradhi. Nguchiro akajieleza kwamba yeye ni mwenyeji, kwao ni hapo tu mbele, na watoto wanamngoja.

"Unatoka wapi sasa hivi?" Kiboko akauliza.

"Ng'ambo."

"Basi ingia."

Akaingia. Asubuhi Kiboko akaja kumpima. Akamtazama mgongo kama umelala sawa. Akamtembeza kuona kama anachechemea. Akamtazama mdomo kama unadondosha mate. Akatega sikio kusikia kama anacheka peke yake. Alipomwona ni mzima, akamwachia, yeye na mnyama wake.

Wakafika kwa Fisi. Kitambaa kikateleza, masikio marefu yakasimama, na mnyama akalia, hii-haa, hii-haa. Punda. Kabla Fisi hajainuka vizuri, punda alikuwa ameshampiga teke la taya, pa, akatimua mbio. Fisi akashika taya lake, akamwambia Nguchiro arudi akalete farasi wa kweli.

Nguchiro akasonya moyoni, nsyuu. Akarudi.

Ngamia hakuona hata haya. Akadai asali nyingine, akaonja, ndipo akamtoa farasi hasa: jike la rangi ya kahawia, manyoya yanang'aa, jina lake Zafarani. Zafarani akauliza huyo bwana anamtakia nini. Nguchiro akajibu kwamba anataka kumpanda. Zafarani akasema sawa, mradi asimpigie kelele, maana za Ngamia zimemtosha.

Nguchiro akamtazama, akakosa raha. Akimpeleka huyu, ataliwa. Asipompeleka, watoto wake wataliwa. Akamwomba Zafarani angoje kwanza, akarudi peke yake akiwaza. Kivukoni, Kiboko.

"Mzee Kiboko, mimi ulinipima juzi."

"Juzi ulikuwa mzima," Kiboko akasema. "Leo sijui. Ingia."

Asubuhi yakawa yale yale. Akatazamwa mgongo. Akatembezwa. Akatazamwa mdomo. Kiboko akatega sikio kusikia kama anacheka peke yake, na kweli kidogo Nguchiro acheke, maana wazo lilikuwa limemjia. Akauma ulimi. Kisha akauliza, kwa adabu, kama hata mkubwa wa mbuga akitoka ng'ambo hupimwa.

"Aliyetoka ng'ambo ametoka ng'ambo," Kiboko akasema.

Nguchiro akaenda mbio kwa Fisi. Akamwambia farasi amepatikana, ila ni mnene mno, yeye mdogo hawezi kumvuta. Labda mwenyewe aende. Fisi akauliza unene wenyewe ukoje. Nguchiro akajibu kwamba kamba ya kumzungushia tumboni haikutosha. Fisi alikuwa ameshasimama.

Ng'ambo Fisi akajizuia, kwa sababu kaka zake Zafarani walikuwa wamesimama pale na kwato zao. Akatabasamu, akashika kamba, wakavuka watatu, chubwi, chubwi. Kiboko akawazibia njia. Fisi akamwambia apishe, mkubwa wa mbuga anapita.

"Unatoka wapi sasa hivi?"

"Ng'ambo."

"Basi ingia."

Fisi akalitazama lile domo la Kiboko, akaingia. Usiku Kiboko akalala katikati yao, domo wazi, na Fisi hakuthubutu kumgusa Zafarani. Asubuhi wakapimwa. Nguchiro mzima. Zafarani mgongo sawa, mwendo sawa, mdomo mkavu, kimya. Wakaachiwa. Zamu ya Fisi ikafika. Mgongo umeporomoka nyuma. Mwendo, anachechemea. Mate, akimwona Zafarani anavyotoka na mapaja yake, tiririri. Kiboko akatikisa kichwa. Fisi akapandwa na hasira, akataka kueleza kwamba fisi wote wameumbwa hivyo, lakini nanyi mnajua sauti ya fisi mwenye hasira: hi-hi-hi-hiii.

Kiboko akarudisha miiba mlangoni.

Nguchiro akawakuta watoto wote shimoni. Zafarani akakaa hapo hapo jirani, akala majani yote yaliyouficha mlango wa shimo, na kutwa anasimulia habari za Ngamia. Nguchiro sasa anasonya kwa sauti.

Na Kiboko, ambaye hana ubaya na mtu, kila asubuhi humletea Fisi samaki, kisha humuuliza kwa huruma kama anajisikia nafuu. Fisi hukaza mgongo. Hufunga mdomo. Hujikaza asitoe sauti. Kisha humkumbuka Zafarani, na tone moja la mate huanguka chini, to.

"Bado," Kiboko husema.

Na Fisi, kwa uchungu, huangua kicheko.

Funzo lake, watoto wema: fuateni taratibu zote za mpakani bila kunung'unika, kwani taratibu hazijawahi kumdhuru mtu. Asiyesadiki akamuulize Fisi.

— Nimemaliza. Masikio yamejaa?
— Yamejaa.
— Basi yafunikeni, yasimwagike njiani.